Aliyeona ndiye ajuaye: safari ya kitenzi cha Kislavoni *věděti

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili wa kujifunza Kirusi. Mwalimu wetu ametuambia kwamba videt', "kuona", na vedat', "kujua", ni ndugu wa tumbo moja. Nilipofungua kamusi ya asili ya maneno nikakuta *věděti, na nyota mbele yake, sikuelewa nyota ni ya nini. Rafiki yangu anayesoma Warszawa naye ananiambia kwamba kule "najua" ni wiem, wakati sisi tumefundishwa znaju. Tena nimesoma mahali kuwa medved', yaani dubu, maana yake ni "ajuaye asali". Naomba unifafanulie: neno hili lilitoka wapi, na limezaa nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amesema kweli, na rafiki yako amesema kweli. Aliyeandika habari ya dubu ndiye aliyeteleza, ila ameteleza mahali ambapo Waslavi wenyewe waliteleza zamani sana, kwa hiyo nitamrudia mwishoni.

Nyota kwanza. Nyota mbele ya neno ni ungamo la mtaalamu: neno hili hakuna aliyelikuta limeandikwa, limejengwa upya kwa kulinganisha watoto wake. Alama hiyo ilienea katika isimu linganishi kupitia August Schleicher, Mjerumani wa karne ya 19 aliyefundisha Prague kabla ya kuhamia Jena. Sisi wa lugha za Kibantu tunaifahamu kazi hiyo. Chukua kuona ya kwetu. Mzulu husema bona, Mnyarwanda husema bona, msemaji wa Kilingala husema mona, Mkikuyu husema ona. Ukitazama tena utakuta kwamba pale wenzetu wasemapo abantu sisi twasema watu, basi unatambua kuwa b ya kale kwetu hulegea au hutoweka kabisa. Ndipo wataalamu wanaandika *-bón-, wakaweka nyota. Hakuna jiwe wala karatasi yenye *-bón-, lakini ushahidi wake tunatembea nao mdomoni.

Kislavoni-mame, yaani lugha moja ya kale iliyozaa lugha zote za Kislavoni za leo, ndivyo kilivyo. Kilisemwa wakati Waslavi walipoanza kutapakaa Ulaya ya mashariki na kati, katika karne ya 6 na ya 7, na hakikuandikwa. Maandishi yalianza baada ya 863, pale ndugu wawili kutoka Thessaloniki, Cyril na Methodius, walipopelekwa Moravia, nchi ya Waslavi katika eneo la Ucheki na Slovakia za leo, na kutafsiri vitabu vya kanisa kwa lugha ambayo leo tunaiita Kislavoni cha Kanisa cha Kale. Kwa hiyo kwa neno letu tuna bahati kubwa. Kati ya lugha mame na hati za kwanza ni karne chache tu, na *věděti katika hati hizo ni věděti vilevile.

Sasa tumtazame huyu kiumbe kwa karibu. Katika Kislavoni cha Kanisa cha Kale, kitenzi cha kawaida katika nafsi ya kwanza umoja huishia kwa irabu ya puani, ǫ: nesǫ, "nachukua", vedǫ, "naongoza". Vitenzi vitano tu ndivyo vilivyokataa mtindo huo vikabaki na -mь: jesmь, "mimi ni", damь, "nitatoa", jamь, "nala", imamь, "ninacho", na věmь, "najua". Ukivitazama utaona si vitenzi vya hovyo. Kuwa, kutoa, kula, kuwa na kitu, kujua: ndivyo vinavyotumika asubuhi hadi jioni. Kitenzi kinachotumika sana huweza kubaki na sura ya kale kwa sababu mtoto hukisikia mara elfu kabla hajajifunza kanuni. Ndiyo maana kwetu hatusemi "ja!", twasema "njoo!", wala hakuna mzazi anayehangaika kumweleza mtoto sababu.

Lakini kando ya věmь kuna umbo jingine la "najua" katika hati hizohizo, nalo ni la ajabu zaidi: vědě. Halina -ǫ, halina -mь. Katika Kislavoni chote hakuna kitenzi kingine chenye mwisho wa namna hiyo. Hapa ndipo moyo wangu hupiga kila ninapofundisha somo hili, maana umbo hili moja ni mlango wa kutokea Kislavoni na kuingia katika lugha iliyo kongwe zaidi, lugha mame ya Kihindi-Kiulaya, iliyozaa Kilatini, Kigiriki, Kisanskriti, Kijerumani na Kislavoni chenyewe.

Lugha hiyo ilikuwa na mzizi *weid-, wenye maana ya kuona. Ilikuwa pia na njia ya kusema hali timilifu, na nakuomba uifikirie kwa Kiswahili, maana wanafunzi wa Kizungu huhitaji kurasa nzima kuielewa, sisi tunayo tayari. Ukimkuta mtu yuko wima, ukaulizwa anafanya nini, husemi "anasimama". Wasema "amesimama". Mtoto yuko kitandani macho yamefumba: "amelala". Embe ni jekundu na laini: "limeiva". Kiambishi -me- kinataja tendo lililopita, lakini unachokizungumzia ni hali iliyopo sasa, mbele ya macho yako. Hali timilifu ya kale ya Kihindi-Kiulaya ilifanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo mzizi wa kuona ulipotiwa katika hali timilifu, ukawa *woid-, maana yake ilikuwa "nimeona". Na mtu aliyeona, sasa yuko katika hali gani? Anajua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, uliyekilalia, unawajua. "Nimeona" ikazoeleka kuwa "najua", hadi watu wakasahau kwamba ndani yake kuna jicho.

Hilo halikutokea kwa Waslavi peke yao. Kisanskriti kina veda, "najua" au "anajua", na jina hilohilo la ujuzi ndilo jina la vitabu vitakatifu vya Wahindu. Kigiriki kina oida, "najua". Kigothi, jamaa wa kale wa Kijerumani, kina wait, na Mjerumani wa leo akisema ich weiß anatumia umbo hilohilo. Kiprusi cha Kale, jamaa wa karibu wa Kislavoni aliyekwisha kufa, kilikuwa na waidimai, "tunajua". Kilatini ndicho kilichobaki na jicho: video ni "naona", na vidi ni "niliona".

Simama hapo kwenye vidi. Ni ile vidi ya Kaisari Julius, "nilikuja, niliona, nilishinda". Kwa kanuni za sauti za Kilatini, vidi inarudi kwenye *woidai. Kwa kanuni za sauti za Kislavoni, vědě nayo inarudi kwenye *woidai. Ni neno moja, sauti kwa sauti. Mroma alibaki na tendo la kuona, Mslavi akabaki na matokeo yake.

Na mzizi huo uko nyumbani kwako pia. Unapotuma video kwenye simu, unatamka kitenzi cha Kilatini "naona". Viza iliyogongwa kwenye pasipoti yako ni "vilivyoonwa", karatasi zilizokaguliwa. Televisheni ni binamu yao. Hata historia imo, kwa sababu Kigiriki histor alikuwa mtu ajuaye, aliyeshuhudia, na jina lake limetoka kwenye *wid-, mzizi huohuo uliofupishwa. Wanafunzi wangu wengi husoma Kislavoni wakidhani wanaingia nyumba ya wageni watupu, kumbe mizigo yao wenyewe imeshonwa kwa uzi huohuo.

Sasa swali lako la kwanza linajibika kwa urahisi. Mzizi ulikuwa na sura mbili kuu, moja yenye irabu e, *weid-, na moja yenye irabu o, *woid-. Katika Kislavoni irabu pacha ziliyeyuka zikawa irabu moja moja: ei ikawa i, na oi ikawa ě, irabu ndefu ambayo katika Kisirili cha kale iliandikwa kwa herufi ѣ. Kwa hiyo *weid- ikatoa *viděti, kuona. *Woid- ikatoa *věděti, kujua. Hivyo tu. Ndugu wa tumbo moja, mmoja amevaa e na mwingine o, na mvua ya karne nyingi ikabadilisha nguo zote mbili.

Ndugu wa kuona sitamzungumzia sana, maana yeye yuko salama karibu kila mahali: Kirusi videt', Kipolandi widzieć, Kicheki vidět, Kibulgaria viždam. Ila nitakutajia mtoto wake mmoja, zavist', husuda. Limejengwa juu ya kuona, kama Kilatini invidia, na kama sisi tulivyochukua jicho tukapata kijicho. Watu wa mbali mbali wamegundua kwamba wivu huanzia machoni.

Rudi kwa *věděti, tumfuate kwa watoto wake. Kwa Waslavi wa magharibi yu hai na ana afya. Mpolandi husema wiem, wiesz, wie. Mcheki husema vím, víš, ví. Mslovakia husema viem, vieš, vie. Wasorbia, watu wachache wanaoishi mashariki mwa Ujerumani, husema wěm. Ile -m mwishoni ni -mь ya kale, ile ya vitenzi vitano, haijang'oka. Neno ambalo mgeni husikia mapema kabisa katika mitaa ya Prague ni nevím, "sijui", nalo linabeba mabaki ya zaidi ya miaka elfu. Kusini, Mslovenia naye anasema vem na ne vem. Mslovakia amepanua zaidi: viem plávať ni "najua kuogelea", sawasawa na sisi tunavyosema.

Wote hawa wana kitenzi cha pili cha kujua, *znati, chenye asili nyingine kabisa, mzizi uliozaa pia know ya Kiingereza na gnosis ya Kigiriki. Wamegawana kazi. Mcheki akisema vím, kde bydlí, anajua mtu fulani anakaa wapi, yaani anajua jambo. Akisema znám ho, anamjua mtu mwenyewe, wamezoeana. Anayetaka kusema Kipolandi au Kicheki lazima aitie mgawanyo huo kichwani mapema. Kwetu kujua kunabeba yote mawili: najua anakaa Kariakoo, namjua tangu utotoni. Warusi wako kama sisi. Waserbia, Wakroatia, Wabulgaria na Wamakedonia pia. Kwao znati imekula shamba lote, na *věděti imebaki ukingoni.

Kwa nini imekuwa hivyo Urusi? Utasikia watu wakisema kwamba baada ya ě na e kuungana katika matamshi ya Kirusi, kitenzi cha kujua kiligongana na vesti, "kuongoza", ambacho kina vedu, "naongoza", ndani yake. Mgongano upo kweli, nao ulifichwa na maandishi hadi mageuzi ya tahajia ya 1918 yalipoiondoa herufi ѣ. Kabla ya hapo msomaji aliona вѣдать na вести, akatofautisha kwa jicho. Lakini mimi sikubali kwamba hiyo ndiyo sababu kuu, na shahidi wangu ni Kibelarusi. Wabelarusi nao waliunganisha ě na e, nao wana kitenzi cha kuongoza kinachofanana, lakini hadi leo Mbelarusi akisema "najua" husema vedaju, bila kusita. Walichofanya ni kukinyoosha kitenzi: wakatupa ule mnyambuliko wa kale wa ajabu, wakakivika viambishi vya kawaida, kikaendelea na maisha. Tena waliishi karne nyingi katika dola moja na Wapolandi, ambao wiem ilikuwa midomoni mwao kila siku. Naona hilo lina uzito kuliko mgongano wa sauti. Kirusi nacho kilikinyoosha kikawa vedaju, lakini kwa kuchelewa, wakati znaju ilikuwa imeshakaa kwenye kiti.

Kwa hiyo leo Mrusi akitumia vedat' kwa maana ya kujua, anasikika kama mtu wa kitabu cha zamani au wa kanisani. Katika ofisi, hata hivyo, kitenzi kimepata ajira mpya: vedat' delami ni kusimamia shughuli, na idara ya serikali huitwa vedomstvo. Gazeti la kwanza la kuchapwa la Urusi, lililoanza mwanzoni mwa 1703 kwa amri ya mfalme Peter wa Kwanza, liliitwa Vedomosti, "habari", yaani mambo ya kujua. Izvestija, lililoanzishwa 1917, ni tawi la mti huohuo. Nalo razvedka, upelelezi wa kijasusi, ni kwenda kujua huku na huko.

Mabaki ninayoyapenda zaidi ni yale madogo yaliyojificha. Mrusi akitaka kusema "Mungu ndiye ajuaye", anaweza kusema bog vest'. Watoto wa shule hudhani vest' hapo ni nomino "habari", kwa kuwa zinafanana. Siyo. Ni nafsi ya tatu ya kale, věstь, "anajua", imeganda kama mdudu ndani ya sandarusi. La pili ni kineno ved', ambacho utakisikia kila dakika mbili ukikaa na Warusi. Ved' ja tebe govoril: "Si nilikwambia!" Vitabu vya kiada huhangaika kukitafsiri, lakini hiyo "si" yetu inakikaa kama kidole kwenye pete. Kineno hicho ni vědě yenyewe, ile "najua" yenye mwisho usio na mwenzake, iliyokatwa mkia na kuwa kibwagizo cha mazungumzo. Neno lililolingana na vidi ya Kaisari linatumika leo sokoni Moscow kumkumbusha mtu kwamba alishaambiwa.

La tatu liko ndani ya alfabeti. Herufi za kale za Kislavoni zilikuwa na majina, nayo matatu ya kwanza ni azъ, buky, vědě. Azъ ni "mimi". Buky ni "herufi". Vědě ni "najua". Kwa mapokeo husomwa kwa pamoja: mimi, herufi nazijua. Mtoto wa Moravia au wa Bulgaria aliyefundishwa kusoma zaidi ya miaka elfu moja iliyopita alianza somo lake kwa kutamka umbo ambalo lilikuwa kongwe hata kwa mwalimu wake.

Uzao mwingine ulitokana na viambishi vya mbele, na hapa ukoo unakuwa mkubwa mno nisiweze kuuhesabu wote. *Povědati ni kumfanya mwingine ajue, kusimulia: ndiko zilikotoka povest' ya Kirusi na povídka ya Kicheki, hadithi, na powiedzieć ya Kipolandi, ambayo leo ni "kusema" tu. Jibu kwa Kiukraini ni vidpovid', kwa Kipolandi odpowiedź, kwa Kicheki odpověď: ujuzi unaorudishwa kwa aliyeuliza. Kanisani kuna propoved', mahubiri, ispoved', maungamo, na zapoved', amri ya Mungu. Kutoka kwenye hiyo ya mwisho, kwa njia ya "kukataza", Warusi wakapata zapovednik, hifadhi ya wanyama na misitu, mahali palipoamriwa pasiguswe. Sayansi kwa Kicheki ni věda, na mwanasayansi ni vědec. Mchawi wa kike kwa Kirusi ni ved'ma, ajuaye yale ambayo wengine hawayajui. Halafu provedat' na navestit', kumtembelea mtu, hasa mgonjwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kutembelea kunahusianaje na kujua. Nikamwambia, wewe ukienda hospitali kumwona jirani, husemi umeenda kumjulia hali? Alinyamaza kidogo, kisha akaandika hiyo juu kabisa ya ukurasa wake.

Maneno mawili yanastahili tuyakalie. La kwanza ni sovest', dhamiri. Watafsiri wa Kislavoni walikuta katika Kigiriki neno syneidesis, wakalivunja vipande: syn, "pamoja", na eid-, "kujua". Wakachukua sъ, "pamoja", na věd-, "kujua", wakaunda sъvěstь. Kujua pamoja na nafsi yako. Kazi safi ya kutafsiri. Lakini eid- ya Kigiriki na věd- ya Kislavoni ni mzizi mmoja, ule *weid- wa mwanzo. Hawakuwa na njia ya kulijua hilo. Isimu linganishi ilizaliwa takriban miaka elfu baadaye. Walitafuta kipande chenye maana sawa, mkono wao ukaangukia ndugu wa damu wa kipande kilekile. Mjerumani naye ana Gewissen, dhamiri, kutoka wissen, kujua, mzizi huohuo tena. Nikiwa nimefundisha jambo hili mara nyingi, bado sijalizoea.

La pili ni shahidi. Kislavoni cha kale kilikuwa na sъvědětelь, mtu anayejua pamoja na wewe, ambaye jambo lako analo kichwani. Wapolandi wana świadek, Wacheki svědek, Waserbia svedok, wote wakitunza ě ya kujua, kila mmoja kwa matamshi yake. Mrusi anasema svidetel', kwa i. Nini kimetokea? Watu walisikia "shahidi" wakafikiri mara moja "aliyeona kwa macho", wakasahihisha neno kwa mujibu wa videt'. Kisarufi walikosea. Ila ukikumbuka tulikoanzia, walilirudisha neno kwenye chemchemi yake bila kujua. Katika mahakama zetu swali hilo lipo hadi leo: shahidi ulijuaje, uliona mwenyewe au ulisimuliwa?

Kuna pia somo dogo la adabu. Kirusi kina nevezhda, mjinga asiyesoma, na nevezha, mtu asiye na adabu. Ni neno moja lililoingia kwa milango miwili: lenye zhd lilikuja na lugha ya kanisa kutoka kusini, lenye zh pekee ni la nyumbani. Mwenye adabu ni vezhlivyj, kutoka vezha, "ajuaye", yaani ajuaye jinsi ya kukaa na watu. Wanafunzi huyachanganya nevezhda na nevezha mpaka mwaka wa nne, na hata Warusi wenyewe hukosea, kwa hiyo usikate tamaa.

Tahadhari moja kabla ya dubu, kwa sababu najua utafika Kyiv au utakutana na Waukraini. Kwao ě ya kale imekuwa i, na i ya kale imekuwa irabu nyingine, inayoandikwa и. Kwa hiyo vidaty ya Kiukraini ni "kujua", ingawa sikio la Mrusi linasikia "kuona". Vidomyj ni "ajulikanaye", siyo "aonekanaye". Ukiweka kanuni hiyo moja kichwani, mamia ya maneno yatajipanga yenyewe.

Na sasa dubu. Medved' inaonekana kuwa med, "asali", na ved', "kujua". Lakini v ile si ya kujua. Neno la kale la asali lilikuwa *medu-, likiishia kwa u. Likiunganishwa na neno linaloanza kwa irabu, u ile huwa v. Neno la pili ni *ēd-, "kula", mzizi wa kile kitenzi jamь nilichokutajia kati ya vile vitano. *Medu-ēd- ikawa medvěd-: mla asali. Kisanskriti kinalo umbo hilohilo, madhvad, na katika Rigveda, kimojawapo cha vile vitabu vitakatifu vya Wahindu, wanaoitwa hivyo ni ndege.

Mla asali lilikuwa jina la kujihami. Kihindi-Kiulaya kilikuwa na jina halisi la dubu, ndilo Wagiriki walilolifanya arktos na Waroma ursus, lakini watu wa misitu ya kaskazini waliogopa kumwita kwa jina lake asije akasikia na kutokea. Wazee wetu wasiotaja nyoka usiku, wakasema "kamba", wanaielewa hofu hiyo vizuri. Jina halisi lilipotea kabisa katika Kislavoni, lakabu ikabaki peke yake. Vizazi vilivyofuata havikuiona tena "kula" ndani yake, vikaona kujua, na Waukraini wakafika mbali zaidi: wakageuza vipande, wakaweka ujuzi mbele na asali nyuma, wakapata vedmid'.